UFUNDI WA CHUMA KATIKA ZAMA ZA KOMPYUTA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wazazi na vijana, Buyenzi, Bujumbura



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu, natoa shukrani kwa Halmashauri ya chama kwa kunipa nafasi ya kusema machache juu ya jambo lisilo geni katika mtaa huu, yaani kazi ya chuma. Asiyeijua Buyenzi kwa misikiti yake huijua kwa mlio wa nyundo zake. Mtu akiharibikiwa na gari katika mji huu, au akitaka mlango wa chuma, huelekezwa huku. Wengi wetu tulilelewa na kusomeshwa kwa kazi hiyo, wala haina aibu. Katika Kurani imo sura nzima yenye jina la chuma, nayo ni Sura ya 57. Tena sote twazijua habari za Nabii Daudi, amani iwe juu yake, ambaye alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza deraya, na kuamrishwa azipime sawasawa pete zake. Nawaomba mlishike neno hilo la kupima, kwani maneno yangu yote leo yamesimama juu yake.

Ndugu zangu, kwa karne nyingi mkono wa fundi ndio ulioongoza kisu juu ya chuma, na usahihi wa kazi ulikuwa usahihi wa mkono. Kiasi cha mwaka 1800, katika mji wa London, fundi aliyeitwa Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukereza ambayo kisu chake hakikushikwa tena kwa mkono, bali kilisukumwa na parafujo ya mashine yenyewe. Hapo ndipo parafujo moja ilipoweza kufanana na nyingine.

Badiliko la pili lilitokea Marekani. Katika miaka ya 1940 John Parsons, mwenye karakana katika jimbo la Michigan, alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta, ambayo umbo lake lilihitaji hesabu ya nukta nyingi mno. Aliwaza kwamba kama hesabu ndiyo inayotoa umbo, basi hesabu hiyo na iiongoze mashine yenyewe. Fikira hiyo ilichukuliwa na wataalamu wa chuo cha ufundi cha Massachusetts kwa fedha za Jeshi la Anga, na mwaka 1952 walionyesha mbele ya watu mashine iliyosoma amri zake katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Baadaye kompyuta zilipokuwa ndogo na bei yake kupungua, utepe uliachwa, na kompyuta ikawekwa ndani ya mashine. Hizo ndizo mashine zinazofundishwa leo katika vyuo vya ufundi.

Pengine mzee mmoja atauliza, je, mashine hiyo huambiwaje la kufanya? Huandikiwa mstari baada ya mstari, kama mtu anavyomwandikia mtumishi wake orodha ya kazi. Herufi X, Y na Z hutaja upande wa kwenda, na nambari inayofuata hutaja umbali. G00 huamuru kisu kiende upesi bila kukata. G01 huamuru kikate kwa mstari ulionyooka. G02 na G03 huamuru kikate kwa mviringo, ya kwanza kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, ya pili kinyume chake. M03 huanza kuzungusha, M05 husimamisha, na M30 hutangaza kwamba kazi imekwisha. Kijana aliyehifadhi juzuu moja hawezi kushindwa kuhifadhi amri hizi.

Lakini kuzihifadhi amri si kuujua ufundi, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mashine ni mtumishi mtiifu asiyejua chuma. Ukiiandikia 50 mahali pa 5, itakwenda 50, hata kama njiani ziko taya za chuma zilizoshika kazi, na kwa dakika moja kisu kitavunjika na mashine yenyewe kuharibika. Haijui kwamba chuma hiki ni kigumu na kile ni laini. Haisikii mlio wa kisu kilichoanza kuwa butu. Anayejua hayo ni fundi, na fundi huyajua kwa kufundishwa.

Natoa mifano mitatu ili maneno yangu yasiwe ya hewani.

Mfano wa kwanza ni kasi. Kila chuma kina kasi yake ya kukatwa. Tukiwa na chuma laini cha kawaida, na kisu cha chuma kigumu kinachofaa kukatia mita 30 kwa dakika, na kipande chenye upana wa milimita 50, tutazidisha 30 kwa 1000, kisha tugawanye kwa 3.14 mara 50. Jibu ni mizunguko 191 hivi kwa dakika. Kipande kikiwa cha milimita 25, mizunguko huwa maradufu. Asiyejua kugawanya atakisia, na anayekisia huunguza visu, na visu hununuliwa kwa fedha.

Mfano wa pili ni vipimo. Ekseli ya milimita 25 itakayozunguka ndani ya tundu lake bila kukwama wala kucheza, kwa kipimo kimoja kinachotumika sana duniani, hutaka tundu lisiwe chini ya 25.000 wala lisizidi 25.021, na ekseli iwe kati ya 24.980 na 24.993. Unywele wa kichwa cha mtu una unene wa karibu milimita 0.07. Basi nafasi yote anayopewa fundi ni ndogo kuliko unywele mmoja. Jicho haliwezi kuipima, hata liwe la fundi wa miaka 40. Huipima maikromita, nayo yataka mtu aliyefundishwa kuisoma.

Mfano wa tatu ni joto. Chuma kikikatwa hupata moto, na kikipata moto hutanuka. Kipande cha milimita 100 kikizidi joto kwa digrii 50 hurefuka kwa milimita 0.06 hivi. Fundi akikipima kingali moto ataridhika, akirudi baada ya saa moja atakikuta kimekuwa kidogo kuliko kilivyotakiwa. Ndiyo sababu duniani kote vipimo vya namna hii vimewekewa joto moja la kupimia, nalo ni digrii 20.

Kwa sababu hizo vyuo vizuri havimpeleki mwanafunzi mbele ya kompyuta siku ya kwanza. Humpa kwanza tupa na jiliwa, asawazishe kipande kwa mkono mpaka mraba wake ukubali kipimo. Kisha husoma michoro, yaani kuuona mwili wa kitu katika mistari ya karatasi. Kisha hukereza kwa mashine ya mkono, ili vidole vyake vijue chuma kinapokubali na kinapokataa. Baada ya hayo ndipo huandika amri, akazijaribu katika kompyuta pasipo chuma, na mwisho akaruhusiwa kuikata kazi yenyewe. Tena hufundishwa kujihifadhi: miwani machoni, mikono bila glavu penye kitu kinachozunguka, na nguo isiyoninginia. Vijana wangu, kanzu ni vazi la heshima, lakini si vazi la kusimamia mashine ya kukereza. Na binti afungaye mtandio wake vizuri ndani ya ovaroli hana hatari zaidi ya mwenzake mvulana.

Sasa nazungumzia hali yetu wenyewe. Tunao vijana wa aina mbili. Wako walioingia karakana wakiwa na umri mdogo, wanajua chuma, wanajua kuchomelea, lakini hawana hesabu wala cheti. Wako na waliomaliza shule, wana hesabu na vyeti, lakini hawajashika nyundo, na wengi wao wanangoja kiti cha ofisi ambacho hakiji. Kazi ya leo inamtaka mtu mmoja mwenye yote mawili. Tusipowaunganisha, kipuri kitaendelea kutoka nchi za mbali, na shughuli ya mtu itasimama majuma mengi kwa sababu ya gia moja iliyovunjika meno. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Soko limepanuka, lakini kupanuka kwa soko ni kheri kwa mwenye kitu cha kuuza, na kwa asiye nacho ni mlango wa kuuziwa tu.

Atakayesema kwamba mambo haya si ya watu kama sisi, na atazame Mombasa. Huko, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Waliochangia ni Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora, pamoja na serikali ya kikoloni ya Waingereza. Wanafunzi wa kwanza walipokewa mwaka 1951. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikapanda daraja, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Zingatieni kwamba walioanza walikuwa na madhehebu tofauti, lakini katika jambo la kuwafundisha watoto ufundi walikaa meza moja. Na walichokianza kwa ajili ya Waislamu leo kinawanufaisha Wakenya wa kila dini. Hiyo ndiyo sadaka inayoendelea.

Nimesikia fikira njema ya baadhi ya wanachama, kwamba chama kichange fedha kinunue mashine moja ya namna hii, iwekwe katika kiwanja chetu. Kwa heshima zote kwa wazee waliotoa fikira hiyo, naomba tusianze na hapo. Mashine hiyo ni ghali, na visu vyake huisha na kununuliwa tena. Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, kazi huharibika na kisu huweza kuvunjika. Na siku itakapougua, nani ataitibu? Mashine isiyo na mwalimu wala mtengenezaji hugeuka sanduku la kuwekea vumbi, na waliochanga huvunjika moyo wasichange tena. Tuanze na watu. Mtu aliyefundishwa ataipata mashine. Lakini mashine haitampata mtu.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo manne, myapime.

La kwanza, vyumba vya madrasa yetu visilale usiku. Tufungue darasa la hesabu na michoro kwa vijana wa karakana, baada ya sala ya Isha, siku tatu kwa juma. Gharama yake ni chaki, karatasi na mwalimu mwenye moyo.

La pili, tuweke mfuko wa karo. Tusijivune na idadi kubwa. Tuchague vijana wachache kila mwaka, kwa mtihani na si kwa ukoo, tuwapeleke katika vyuo vyenye mashine na walimu, hapa nchini au kwa jirani. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, mafundi wakubwa wenye karakana wakubali kuwapokea wanafunzi wa vyuo wakati wa mazoezi, wala wasiwaonee wivu. Kijana wa chuo atakufundisha kusoma mchoro, nawe utamfundisha kusikia mlio wa chuma. Hakuna atakayepungukiwa.

La nne, mabinti wasiachwe nje. Kazi hii ya sasa haidai mabavu, yadai akili iliyotulia na mkono mwangalifu. Mzazi anayemruhusu binti yake kushona nguo kwa kipimo asimkataze kukata chuma kwa kipimo.

Namalizia kwa neno kwa wazazi. Wako wanaoona kwamba mtoto mwenye mikono ya grisi amewaaibisha. Imepokewa katika mafundisho yetu kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula katika kazi ya mikono yake. Na Al-Jazari, mhandisi Mwislamu aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, aliandika juu ya vitu alivyovitengeneza mwenyewe, hata leo vitabu vya historia ya ufundi vinamtaja. Hao si watu wa kuonewa haya. Aibu ni kumwacha kijana mwenye akili akae barazani, hali ya kuwa udongo ungali maji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wakubwa moyo wa kutoa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.