TAIRI NA TYUBU ZA MAGURUDUMU YA KABONI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Nimepewa nusu saa, na Katibu amekwisha kunionya kwamba wali uko tayari. Basi nitaingia katika shauri lenyewe. Kama mlivyosikia katika taarifa ya Mweka Hazina, wenzetu wanaoishi Ulaya wameiletea klabu ya baiskeli ya shule jozi sita za magurudumu ya kaboni yaliyotumika, ya aina inayofungwa breki kwenye ringi. Yamefika bila tairi wala tyubu. Chama kimechanga fedha za kununulia vitu hivyo, na Kamati imegawanyika. Wako wanaotaka tununue vile vyepesi kabisa, kama vya wakimbiaji wakubwa wa dunia. Wako wanaosema tyubu ni tyubu, twende dukani mjini tukachukue zilizopo. Mimi sikubaliani na upande wo wote, na nimeombwa nieleze sababu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mali hii imetufikia. Chama cha Kimataifa cha Mbio za Baiskeli, yaani UCI, kiliruhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani mwaka 2018. Na tangu hapo viwanda vimeelekea huko vyote. Waliotazama mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, waliona diski karibu kila mahali. Kwa hiyo magurudumu mazuri ya breki za ringi yanauzwa Ulaya kwa bei ya kutupa, au yanagawiwa. Si takataka. Ni mali nzuri yenye masharti yake, na masharti hayo ndiyo hotuba yangu.

Sharti kubwa ni joto. Vijana hawa hufanya mazoezi katika barabara ya Lushoto hadi Mombo, kilomita zipatazo 33, na teremko lake ni karibu mita 1,000 kwenda chini. Chukueni kijana pamoja na baiskeli na chupa zake za maji, jumla kilo 80. Hesabu ya fizikia ya Kidato cha Pili inatuambia kwamba nguvu anayoshuka nayo ni kilojuli zipatazo 780. Nguvu hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya kawaida. Akishuka kwa kasi, sehemu kubwa inachukuliwa na upepo unaompiga kifuani. Lakini akiogopa, akashika breki kidogo kidogo njia nzima, karibu yote inakwenda kwenye ringi mbili. Mwoga ndiye anayepika ringi, wala si yule anayekwenda mbio.

Ringi ya alumini hupokea joto hilo na kulisambaza hewani upesi. Kaboni haifanyi hivyo. Ringi ya kaboni ni nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu ya aina ya plastiki. Nyuzi haziogopi joto la breki. Gundi ndiyo inayoliogopa. Ikifika kiwango chake, hulegea. Na wakati huohuo upepo ulio ndani ya tairi unasukuma kuta za ringi kwenda nje. Ukuta ukilegea hufunguka au huvimba, na tairi linaweza kutoka.

Tena, upepo wenyewe huongezeka nguvu unapopata moto. Mkijaza pauni 100 kwa inchi ya mraba asubuhi ya baridi ya Lushoto, nyuzi 20, na hewa ya ndani ikafika nyuzi 80 kwenye kona za chini, kipimo kitasoma pauni 120 na ushei. Hapo ukuta umelegea na mzigo umeongezeka, kwa pamoja.

Sasa tyubu. Ziko za namna tatu.

Ya kwanza ni butili, tyubu nyeusi tuliyoizoea sote. Mpira huu wa viwandani ulivumbuliwa Marekani mwaka 1937, na sifa yake kuu ni kuzuia hewa isipenye. Tyubu ya kawaida ya baiskeli ya mashindano ina gramu kama 100. Ziko nyembamba za gramu 70 hivi.

Ya pili ni lateksi, yaani mpira wa asili utokao mtini. Hii ni laini mno, huviringika kwa wepesi kuliko butili, na ndiyo inayopendwa na wanaohesabu sekunde. Lakini hewa hupenya ndani yake. Ukijaza jioni, asubuhi lazima ujaze tena. Hilo ni usumbufu tu. Kubwa ni kwamba haivumilii joto, na watengenezaji kadhaa wa ringi za kaboni wameikataza kabisa kwa breki za ringi. Mwenye kuitumia amejifutia dhamana. Ndugu mmoja katika Kamati aliuliza: mbona mabingwa walizitumia? Walizitumia, ndiyo, lakini wengi wao ndani ya tairi za kushonwa ambazo hubandikwa juu ya ringi kwa gundi. Ringi ya namna hiyo haina kuta za kushika tairi, kwa hiyo haina cha kufunguka. Hata hizo nazo zina hatari yake. Katika Tour de France ya 2003, Mhispania Joseba Beloki alikuwa akishuka kuelekea Gap siku ya jua kali, lami imeyeyuka. Gurudumu lake la nyuma likateleza, tairi likatoka kwenye ringi, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Alikuwa wa pili katika msimamo siku hiyo. Hakurudi tena katika kiwango chake.

Ya tatu ni mpya, tyubu za plastiki laini inayoitwa TPU. Ni nyepesi ajabu, gramu 25 hadi 40, na ikikunjwa inaingia katika mfuko wa shati. Wenye kupenda wepesi wameipigia debe sana. Nami naisifu, lakini someni boksi: baadhi yake zimeandikwa wazi kuwa ni za breki za diski tu, kwa sababu ni plastiki, nayo plastiki hulainika ikipata moto. Aidha hairudi ikishatanuka. Ukiijaza sana nje ya tairi ili kutafuta pancha, umeiharibu. Na kiraka chake ni cha aina yake. Solusheni ya fundi wetu wa sokoni haiishiki.

Maoni yangu, basi, ni butili ya kawaida kwa magurudumu yote sita ya mbele na sita ya nyuma. Tunapoteza gramu 70 kwa kila gurudumu tukilinganisha na hizo za plastiki. Chupa moja ya maji ya nusu lita ina uzito mara saba ya hapo, na kijana anaibeba bila kulalamika. Tyubu moja ya plastiki ikipata pancha Soni, kijana anarudi kwa basi. Ya butili anaiziba mwenyewe chini ya mti.

Hapo wale wa upande wa pili wanapiga makofi. Wasubiri kidogo. Tyubu iliyoko dukani mjini ni ya baiskeli ya Phoenix, na haitufai. Tazameni ubavuni mwa tairi la Phoenix: mtaona 28 × 1½, na mara nyingi pia namba 635. Hizo ni milimita za kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya ringi. Magurudumu haya ni 622. Tofauti ya milimita 13 inaonekana ndogo, lakini tairi la moja halitakaa kwenye jingine hata mkivutana nalo kutwa. Kisha valvu. Tundu la valvu katika ringi hizi ni jembamba, la valvu ile nyembamba ya Kifaransa. Valvu ya Dunlop ya Phoenix na valvu ya gari zinahitaji tundu la milimita 8. Najua fundi atasema nini: lete keekee tupanue. La hasha! Ukitoboa kaboni umezikata nyuzi zinazobeba mzigo, na ringi hiyo haifai tena.

Tena ringi hizi ni za kina. Nimezipima mwenyewe jana na Mwalimu wa Michezo: jozi nne zina kina cha milimita 50, mbili zina 38. Valvu fupi itapotelea ndani na pampu haitashika. Kwa zile za 50 tuagize valvu ya milimita 80, kwa za 38 ya milimita 60.

Kuhusu tairi sitakuwa na maneno mengi, maana hapa Kamati inakaribia kuelewana. Zamani kila mtu alitaka tairi la milimita 23 lililojazwa mpaka liwe kama chuma. Siku hizi imefahamika kwamba katika barabara halisi, yenye kokoto na viraka, tairi pana kidogo lenye upepo wa wastani huenda vizuri zaidi, kwa sababu halimrushirushi mpandaji. Kinachotuzuia ni koleo za breki. Baiskeli zetu nyingi za zamani zinapokea milimita 25, chache 28. Msitazame namba iliyoandikwa peke yake. Tairi la 25 likikaa kwenye ringi pana linaweza kupima 26 au 27. Lijazwe, lipimwe, na ibaki nafasi isiyopungua milimita 4 kati yake na koleo na uma. Jiwe dogo likinasa hapo, gurudumu linasimama ghafla. Nashauri 25-622 kwa baiskeli zote kwanza, zenye ukanda wa kuzuia miiba chini ya mpira wa juu. Wanaofahamu migunga ya Mombo hawataniuliza kwa nini.

Upepo: kijana wa kilo 60 hadi 65 aanze na pauni 80 nyuma na 75 mbele, kisha aongeze au apunguze kidogo kwa kadiri anavyoona barabarani. Ringi na tairi kila kimoja kina kikomo kilichoandikwa. Kikomo kidogo ndicho sheria. Pampu yenye kipimo ni ya lazima, na nimeiweka katika bajeti ijapokuwa Mweka Hazina alikunja uso.

Mipira ya breki nayo isisahauliwe, ingawa haikuwa katika agenda. Iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kaboni. Iliyowahi kutumika kwenye alumini imebeba vipande vidogo vya chuma ambavyo hukwaruza ringi kama msasa, basi isihamishwe kutoka gurudumu moja hadi jingine. Mvua ikinyesha, breki za kaboni huchelewa kushika, shikeni mapema. Na katika teremko, fungeni kwa nguvu kabla ya kona, kisha achieni kabisa ringi ipumue. Msininginie breki.

Namna ya kufunga. Utepe unaofunika matundu ya spoku ndani ya ringi uwe wake hasa, unaohimili joto. Utepe wa fundi umeme hulainika na kuteleza, na tyubu ikapasukia tunduni. Tyubu itiwe upepo kidogo ipate umbo. Anzeni kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu, mmalizie kwenye valvu, mkisukuma kingo za tairi ziingie bondeni katikati ya ringi ili pande nyingine zilegee. Kwa vidole, wanangu, kwa vidole. Likikataa tumieni vibao vya plastiki. Vijiko vya bwenini na bisibisi, ambavyo ndivyo vyombo vya jadi vya shule hii, vinabandua kaboni kama ganda la muhogo. Kabla ya kujaza, zungukeni gurudumu zima mkihakikisha tyubu haikubanwa chini ya tairi.

Mwisho ni magurudumu yenyewe. Yametumika, nasi hatujui yalishuka milima gani. Jana tulipitisha kidole kwenye njia ya breki ya kila ringi na kuigonga kwa sarafu. Kumi na moja zilitoa sauti kavu ya namna moja mzunguko mzima. Moja ya nyuma, ya milimita 50, ina mahali penye uvimbe mdogo, upana wa kidole gumba, na sauti yake hapo ni butu. Mwalimu wa Michezo alitaka kuihifadhi kwa mbio za tambarare. Nimemwomba aikate kwa msumeno mbele ya wanafunzi, waone jinsi ukuta ulivyo ndani, na vipande vikae maabara ya fizikia. Tukikubaliana, tunahitaji tairi 11, tyubu 22 pamoja na za akiba, na gurudumu moja la nyuma la alumini ambalo bado hatuna. Kama yuko mwenye nalo nyumbani, amwone Katibu baada ya chakula.