Ufunguo wa Mashine Uko kwa Nani?

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati ilitupa robo saa tuzungumze juu ya simu na kompyuta hapa kambini. Mwanzoni tulidhani tunatakiwa kusifu maendeleo. Lakini tulipokaa walimu wanne tuliosoma chuo cha ualimu, tukaulizana tumepata nini na tumepoteza nini tangu mashine hizi zitufikie, tuliona heri tuanze na tulichopoteza, maana bado kinatuuma.

Mtakumbuka mwaka 2021 shule yetu ilipokea maboksi ya kompyuta kutoka kwa wafadhili. Watoto waliimba. Sisi tuliotoka Kivu tulizoea kusema oridinateri, hapa tukajifunza kusema kompyuta, na vitabu vikatuletea tarakilishi. Siku ile kila mtu aliita alivyotaka na furaha ilikuwa moja. Hakuna aliyeuliza ndani yake mna nini.

Mlikuwa na Windows 7. Hiyo ni aina ya mfumo endeshi, na bila mfumo endeshi kompyuta ni bati na nyaya tu. Mfumo ndio unaoamka ukibonyeza kitufe, ndio unaopokea herufi unazopiga, ndio unaojua faili lako limewekwa wapi. Windows 7 ilitoka 22 Oktoba 2009, na kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia 14 Januari 2020. Maana yake ni kwamba tundu likionekana baada ya siku hiyo, haliji fundi wa kuliziba. Maboksi yetu yalifika mwaka mmoja na zaidi baada ya fundi kuondoka.

Sasa, hapa kwetu intaneti ni haba, hivyo virusi havisafiri hewani sana, vinasafiri kwa flashi. Flashi moja asubuhi iko kwenye kibanda cha kuchaji simu inapakiwa nyimbo, mchana iko shuleni, kesho yake iko ofisini kwa shirika. Siku moja tuliichomeka flashi iliyobeba alama za wanafunzi za miaka miwili. Kila folda ilikuwa imegeuka kapicha kadogo chenye mshale pembeni. Ukibonyeza, hupati kitu. Tukaamini kila kitu kimeliwa. Mmoja wetu, hatutamtaja ingawa ni mmoja wa walioandika maneno haya, akaifomati flashi ile ili ‘kuisafisha’.

Daftari la karatasi lilikuwa limeloa masika yaliyotangulia, turubai lilipovuja. Basi alama hazikuwepo popote.

Ndugu zetu, mnajua karatasi ya alama ni nini kwa mtu anayehama. Familia nyingine zilikuwa zinajiandaa kurudi nyumbani, nyingine zimeitwa kwa safari za nchi za mbali. Mama mmoja alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi hadi saa nane mchana akingoja karatasi ya binti yake. Tulimwandikia barua ya kushuhudia kwamba mtoto alisoma na alifaulu. Barua si alama. Huko alikokwenda binti alirudishwa madarasa mawili nyuma, akakaa na watoto anaowazidi kimo. Mama yake alitupigia simu kutueleza. Hakutugombeza, na hilo lilituumiza zaidi.

Mwaka uliofuata kijana mmoja aliyejifunza ufundi hapa hapa kambini alitueleza jambo lililotunyima usingizi. Virusi vya aina ile havili mafaili. Vinayaficha, kisha vinaweka mahali pake njia ya uongo. Kuna amri fupi, attrib, inayoandikwa katika dirisha jeusi la Windows, nayo inayarudisha yaliyofichwa kwa dakika chache. Kilichofuta alama za watoto wetu hakikuwa virusi. Tulizifuta sisi, kwa haraka na kutojua.

Baada ya hapo kijana yule alitushauri tuondoe mfumo ule na kuweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi la Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Hainunuliwi. Ndugu zetu Warundi walicheka waliposikia jina, kwa kuwa kwao ubuntu ni utu na ukarimu, nao walisema hawakutegemea kuukuta ndani ya kompyuta.

Hatutaki kudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Wiki mbili za kwanza walimu walinung’unika. Barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa kule, mistari inahama na majedwali yanapanuka. Printa iligoma kabisa, hadi leo tunapeleka kazi ofisi nyingine kuchapisha. Mwenzetu mmoja alikataa, akabaki na Windows yake, na sababu yake ilikuwa nzuri: fomu za mashirika zimetengenezwa kwa Excel, na zikirudi zimeharibika ni yeye anayeulizwa. Virusi vilivyoandikiwa Windows havifanyi kazi ndani ya Ubuntu, lakini flashi inaweza kuendelea kuvibeba hadi kwa jirani. Kwa hiyo kuhama mfumo hakukutuondolea kazi ya kuchunga flashi.

Tuje kwenye simu, maana kompyuta ni za wachache na simu ziko karibu kila kaya.

Wazee wetu wanashangaa kwamba kitu walichonunua kwa fedha yao kinaweza kukataa kazi bila kuanguka wala kuingia maji. Mfano ni vile vitochi vilivyokuwa na WhatsApp, vinavyotumia mfumo uitwao KaiOS. Vilipendwa kwa sababu betri yake inakaa. Mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi humo. Kabla ya hapo, 1 Februari 2020, iliziacha simu za Android zenye toleo la 2.3.7 na yaliyotangulia. Simu ni nzima, inawaka, inapiga, lakini sauti ya mtoto aliyeko Nairobi au Uvira haifiki tena. Wengi walikwenda kwa fundi wakalipa, na fundi asingeweza kufanya lolote.

Kuna lugha pia. Aliyesoma Kongo anatafuta Paramètres, aliyesoma kwa Kiingereza anatafuta Settings, na simu ikiwekwa Kiswahili inaandika Mipangilio, neno ambalo hata sisi walimu lilitupita mara ya kwanza. Tafuteni kile kipicha cha gurudumu lenye meno; hicho hakibadiliki lugha.

Lakini jambo zito zaidi ni hili la akaunti. Simu ya Android inataka anwani ya Google. Mama akinunua simu sokoni, kijana wa kibandani anamfungulia anwani kwa namna anavyojua, anaweka neno la siri analolitaka yeye, na mama anaondoka ameshukuru. Simu nyingi za Android zilizotoka tangu mwaka 2015 zina kufuli la kuzuia wizi: ikifutwa yote kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, ikiwaka upya inadai anwani ile ile ya kwanza na neno lake la siri. Ni kufuli jema kwa mwizi. Kwa mama yetu mmoja wa zoni ya jirani lilikuwa msiba. Mjukuu alibadilisha mchoro wa kufungulia, fundi akaifuta simu, simu ikadai anwani ambayo mama hajawahi kuisikia. Kijana aliyeifungua alikuwa amesharudi Burundi. Ndani ya simu ile mlikuwa na namba za watoto wake wawili waliobaki ng’ambo ya ziwa. Ya mmoja imepatikana kupitia jirani. Ya wa pili bado.

Tunasema haya tukijua kwamba kobalti ya betri nyingi inatoka Kolwezi na koltani inachimbwa Rubaya, Masisi, ambako baadhi yenu mlizaliwa. Mawe yanatoka kwetu na bado tunaombwa neno la siri tusilolijua. Hilo tuwaachie wanasiasa.

Kwa wageni wetu wa mashirika tuna ombi, na tunaliomba kwa heshima. Windows 10 nayo iliachwa 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai mashine yenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, nayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Ofisi za mijini zitazitoa kompyuta hizo, na tunatarajia baadhi zitatufikia hapa. Tutazipokea. Ila mtuambie mapema zina mfumo gani, mtuletee neno la siri la msimamizi pamoja na boksi, na mtukubalie kubadilisha mfumo inapobidi. Tuliwahi kupewa kompyuta nzuri ambayo mtu aliyejua neno lake la siri alikuwa amemaliza mkataba akaondoka nchini. Na kwenda kwa fundi Kasulu, kama mnavyofahamu, kunahitaji kibali.

Kwa wazazi: kila Jumamosi saa tisa alasiri tutakuwa darasa la mwisho karibu na bomba. Njooni na simu zikiwa na chaji, kwa sababu umeme wa jua tulio nao unatosha kompyuta tu. Tutakusaidia kuona ni anwani gani imo ndani ya simu yako na kuibadilisha iwe yako. Neno la siri utaliandika mwenyewe kwenye karatasi na kwenda nalo nyumbani. Sisi hatutaliandika wala hatutaliuliza. Asiyejua kuandika aje na mtu wa nyumbani anayemwamini. Namba za ndugu tutazinakili kwenye laini na kwenye daftari, yote mawili. Mwenye flashi iliyogeuka mishale asiiguse, asiifute, ailete kama ilivyo.

Alama za wanafunzi sasa ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi isiyotoka ofisini, na kwenye daftari lililofungwa katika mfuko wa plastiki. Mzazi anayetaka kuhakikisha za mtoto wake anakaribishwa siku yoyote ya kazi, kabla ya saa sita.