Trauti na Maji ya Vuli

Neno "vuli" lina maana mbili ambazo hazipatani. Vitabu vya jiografia hulitumia kwa majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika. Sisi tunalijua kwa mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa mvuvi wa trauti tofauti hiyo si ndogo. Kule Uskoti, joto la kiangazi likipungua mito hupoa na samaki huanza kula kwa bidii. Katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, vuli ikichachamaa maji huwa mekundu, na mvuvi hukunja mshipi wake.

Watu wengi wa mijini hawajui kwamba tunao trauti. Kusema kweli si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika Mto Gura. Mnamo 1910 ikaletwa aina nyingine kutoka Afrika Kusini. Wapo wanaosema mgeni huyu angebaki kwao, kwani huwamaliza viumbe wadogo wa mito yetu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ni shahidi mzuri wa hali ya mto.

Trauti hutaka maji baridi yenye hewa nyingi. Yakiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, lita moja huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9 hivi, na huko milimani hupungua zaidi. Tena huwinda kwa macho. Ndiyo maana mvuvi wake huvisha ndoana nyuzi na manyoya ya ndege ifanane na mdudu, kisha huirusha itue juu ya maji taratibu. Maji yakiwa na tope, ufundi wote huo ni bure.

Zaidi ya hapo, trauti hufukia mayai yake katikati ya kokoto ili maji yapite na kuyapa hewa. Udongo laini ukijaa humo, mayai hufa kabla ya kuanguliwa.

Sasa udongo huo hutoka wapi? Mto unaotoka msituni huchafuka kidogo mvua inaponyesha, kisha husafika upesi. Ule unaopita mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni hukaa mwekundu siku nyingi. Ua wa umeme wa karibu kilomita 400 uliojengwa kuzunguka Nyandarua kati ya 1989 na 2009 umesaidia msitu wa juu. Lakini ua haulindi shamba lililo chini yake.

Msikilizaji wa Nairobi asidhani haya ni mambo ya matajiri wenye fimbo za kuvulia. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, hupokea maji ya Nyandarua hiyo hiyo. Tope linaloua mayai ya trauti hula nafasi ya maji bwawani, na kulisafisha hugharimu fedha.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto, kutegemea upana wake. Atakayepita daraja lolote la Nyeri vuli hii na atazame kandokando ya maji, ahesabu hatua kutoka ukingoni hadi shina la kwanza la mahindi.