Kuku na Mtoto Wasilale Chumba Kimoja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wa Mpanda)

Leo hatukuja kusema habari za mahindi wala za tumbaku, bali habari za viumbe wawili wanaoonekana karibu katika kila ua wa nchi hii, yaani kuku na mtoto mdogo. Wote wawili hushinda chini, wote wawili huokota kila wakionacho, tena huokota mahali pamoja. Hapo ndipo penye hatari.

Hatusemi kwamba kuku ni adui. Mtu wa Katavi, awe Mbende au Mkonongo, Mpimbwe, Mfipa au Msukuma, anajua kuwa kuku ni akiba ya nyumba. Huuzwa pakihitajika dawa au daftari la shule, na mgeni akija huchinjiwa. Yai lake likipikwa likaiva ni chakula chema sana kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kwa hiyo hatuwaambii mwache kufuga. Twawaambia mfuge kwa akili.

Yafaa mjue kwamba ndani ya mavi ya kuku mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na miongoni mwao ni vile viitwavyo Salmonela na Kampilobakta. Kuku aweza kuwa navyo tumboni naye mwenyewe asiugue hata kidogo. Mtoto anayetambaa hugusa mavi hayo, kisha hutia vidole kinywani. Wataalamu waliokaa vijijini nchini Zimbabwe wakiwatazama watoto wachanga kwa saa nyingi walitoa habari zao mwaka 2013. Waliona watoto wakila udongo wa uani, na wengine wakila mavi ya kuku yenyewe. Wala tusiwalaumu mama zao, kwani ni nani awezaye kumtazama mtoto kila dakika, hali anatwanga, anapika na kuchota maji?

Matokeo yake ya kwanza ni kuhara, ambako kwaweza kumwua mtoto mdogo upesi kwa kumkausha maji mwilini. Matokeo ya pili ni ya polepole. Wataalamu wengi hudhani kwamba uchafu wa namna hii, ukiingia tumboni kila siku, huharibu matumbo kidogo kidogo, hata chakula kisimfae mtoto, akadumaa. Katika hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, lakini hii twaweza kuipunguza wenyewe.

Sikilizeni na habari za Ethiopia, zilizotolewa mwaka 2016. Wataalamu waliangalia nyumba za vijijini, wakaona kwamba watoto wa wafugaji wa kuku kwa jumla walikuwa na kimo kizuri kuliko wenzao. Lakini pale ambapo kuku walilazwa ndani ya nyumba ya watu, faida ile ilipungua. Basi kuku yule yule aweza kumkuza mtoto au kumdhuru, na inaonekana kwamba mahali anapolala ni jambo kubwa.

Twajua mwenye nyumba atajibu, “Nikiwalaza nje wataibiwa, au kicheche atawamaliza.” Neno hilo ni la kweli, nasi hatulidharau. Lakini dawa yake ni banda madhubuti. Lijengeni kwa miti, liinuliwe juu ya nguzo kufika kiunoni mwa mtu mzima, liwe karibu na ukuta wa chumba mlalamo, ili kuku wakipiga kelele usiku msikie. Sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo, mavi yapate kuanguka chini. Na chini hapo pazungushiwe uzio, mtoto asiingie. Ezekeni vizuri, maana mvua zetu huanza Novemba zikaendelea hata Aprili, na banda likivuja kuku watarudi ndani kwenu. Mlango utiwe kufuli. Mavi yazolewe kila siku yatupwe shimoni, nayo yakioza vizuri yatakuwa mbolea ya shamba.

Mchana nako kuna kazi. Fagieni ua asubuhi kabla mtoto hajashushwa chini. Mtengenezeeni kitalu kidogo cha fito ambamo kuku hawaingii, mkatandike mkeka safi. Vyombo viwekwe juu ya kichanja. Aliyeshika kuku, mayai au banda anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kumlisha mtoto. Na mtoto mwenyewe anawishwe kabla ya kula. Kuku mgonjwa au mzoga asipewe mtoto kuchezea.

Tena wazee walisema, teke la kuku halimwumizi mwanawe. Ni kweli, lakini mwana wetu humwumiza. Kuku mwenye vifaranga hudonoa usoni, na jicho la mtoto li karibu na ardhi. Jogoo mkali mwenye miiba mirefu miguuni asiachwe pamoja na watoto.

Na mtoto akihara, msimnyime maziwa ya mama wala maji. Mpeni maji ya dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, mkamfikishe zahanati, ambako hupewa pia vidonge vya zinki. Akiwa ana damu katika choo, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, msingoje kesho.

Basi leo jioni, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu atazame kuku wake wanaingia kulala wapi. Wakiingia katika chumba cha mtoto, kesho na tukate fito.