KUZUIA BARIDI KATIKA NYUMBA ZETU

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa tawi, Nakuru)



Tumeombwa tuseme juu ya baridi. Pengine mtu atacheka, aulize, "Chama cha wafanya kazi na blanketi, wapi na wapi?" Lakini ninyi mtokao zamu ya usiku katika yadi mwezi wa Julai mwaijua habari hii. Nakuru iko futi 6,000 juu ya bahari, na wenzetu wa Timboroa wako futi 9,000. Usiku usio na mawingu, bati la nyumba huwa baridi kama chuma cha reli.

Kwanza twawapa jambo lililotufanya tusimame hapa. Katika safu ya nyumba tuliyokaa, shanta mmoja alirudi alfajiri akabisha mlango wake, asijibiwe. Tukavunja kitasa. Mkewe na mtoto walikuwa kitandani hawajitambui, jiko la makaa katikati ya chumba, na kila tundu limezibwa kwa matambara. Tuliwatoa nje, tukawakimbiza hospitali. Mungu alijalia, wakapona. Wengi wengine hawakupona.

Ndugu, makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema tuivutayo. Watu hudhani makaa yakiwa mekundu bila moshi, hatari imekwisha. Sivyo. Ukiona kichwa chauma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, fungua mlango, toka nje na watu wako, nendeni hospitali. Jiko lisilale ndani, hata usiku mmoja.

Basi tupate joto wapi? Sisi wa reli mwalimu wetu ni injini ya moshi. Waliotazama zile za zamani katika makumbusho ya reli Nairobi wameona kwamba boila halikuachwa uchi. Lilivikwa nguo nene, na bati juu yake, joto lisitoroke njiani. Ndivyo itupasavyo kufanya nyumbani: tulifunge joto tulilo nalo kabla ya kutafuta jingine. Lakini angalieni: nguo za namna hiyo zamani mara nyingi zilikuwa za asbesto. Msiokote masalio yake kuyaweka nyumbani, maana vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani.

Jambo la kwanza ni jua. Mchana jua la Bonde la Ufa ni kali, na halina bei. Fungueni madirisha saa sita, ukuta wa jiwe unywe joto. Yafungeni kabla jua halijatua.

La pili ni paa. Joto hupanda juu, na bati tupu halilizuii. Nyumba isiyo na dari yafaa iwekewe, hata ya magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa. Ila yakae mbali na taa ya mafuta, mshumaa na nyaya za umeme, kwa kuwa gunia hushika moto upesi.

La tatu ni ukuta wenyewe. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo ukuta uliolowa ni mwizi. Ondoeni udongo uliorundikana chini ya ukuta, chimbeni mfereji wa maji ya mvua, zibeni nyufa kwa saruji. Nguo mbichi zianikwe nje. Kitanda kisiguse ukuta wa nje. Ukitundika mkeka au blanketi kuukuu, acha nafasi ndogo nyuma yake. Hewa iliyotulia pale ndiyo ikingayo baridi. Chini ya godoro tandikeni magazeti na mkeka.

La nne ni upepo. Wekeni gunia lililokunjwa chini ya mlango, na gundi ya unga na karatasi katika nyufa za dirisha. Lakini matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya ukuta msiyazibe kabisa. Chumba kisichopumua hukaa unyevu, na kifua kikuu hupenda chumba cha namna hiyo.

Sasa neno la mwisho. Mkeka na magazeti twaweza wenyewe. Paa linalovuja, dari isiyokuwapo, mfereji uliovunjika, hiyo si kazi ya mke wa mfanya kazi na tambara lake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo karibu na kazi, au alipe fedha za kutosha kodi, isipokuwa mapatano ya mshahara yamekwisha kuitia kodi ndani yake. Basi kila mmoja aandike namba ya nyumba, kasoro yake na tarehe, ampe mjumbe wa tawi, abaki na nakala. Malalamiko ya mdomoni hupeperuka. Ya karatasini hujibiwa.

Tusingoje mlango mwingine wa kuvunjwa alfajiri. Leo jioni, kila mtu atoe jiko nje kabla ya kulala.