Pima Chumba Kabla ya Kununua



Kabla ya kununua vifaa vya hosteli, tunawasihi mkipime chumba. Kitanda cha futi 3 kwa 6 hakipokei godoro la futi 4, na muuzaji hupokea kwa shida godoro lililokwisha kulaliwa. Kitanda kisizibe mlango wala dirisha. Meza ikae penye mwanga.

Hatari kubwa zaidi imo katika umeme. Ekstensheni ya ampea 13 huhimili takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikitumika pamoja, waya hupata moto, na mwenye chumba huenda amelala. Ulizeni chuo kinaruhusu vifaa gani, tafuteni alama ya ubora ya TBS, kisha daini risiti.