Berlin, Stesheni Zisizo na Geti

Ukiteremka ngazi za stesheni ya treni ya chini ya ardhi mjini Berlin utatafuta geti usilione. Hakuna chuma cha kusukuma kwa kiuno, hakuna mlinzi, wala kondakta wa kuchezesha sarafu kiganjani akikukumbusha nauli. Treni inafika, mlango unafunguka, unapanda. Kule London geti halikuachii mpaka uguse kadi. Berlin wamekuacha na dhamiri yako.

Mgeni huona hayo akadhani ni bure. Wapi! Tiketi ya safari moja ni karibu euro 4, na ukishaitoa kwenye mashine bado hujamaliza: tafuta kijisanduku hapo jukwaani, uitumbukize ipigwe muhuri wa saa na mahali. Tiketi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Wakaguzi nao, baadhi yao, huvaa kiraia, jinzi na raba, na begi mgongoni kama abiria yeyote. Milango ikishafungwa ndipo vitambulisho hutoka mfukoni. Faini ni euro 60, na kusema hukujua hakukupunguzii hata senti.

Tena kuna mtego wa kanda. A ni katikati ya jiji, ndani ya reli ya mzunguko, ile ambayo treni zake hulizunguka jiji kwa muda wa saa nzima. B inafika mpaka wa jiji, na C ni nje ya hapo. Wenyeji wengi hutumia tiketi ya AB. Lakini uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2020 uko kanda C, kwa hiyo anayetua na usingizi machoni, akamuiga mwenyeji, ameshakosa kabla hajaliona jiji.

Kama mambo yangeishia kwenye euro 60 nisingeyaleta hapa. Ujerumani, kupanda bila kulipa ni jinai. Ni kifungu cha 265a cha sheria ya adhabu, kilichoingizwa mwaka 1935, Wanazi wakiwa madarakani. Mwenye pesa hulipa yakaisha. Asiye nazo huweza kufikishwa mahakamani, na akitozwa faini akashindwa kuilipa, hulala gerezani siku badala ya pesa. Mwandishi wa habari Arne Semsrott alianzisha mwaka 2021 mfuko uitwao Freiheitsfonds, unaochangisha fedha ili kuwalipia watu hao watoke. Mwaka 2024 siku za kifungo cha namna hiyo zilipunguzwa nusu. Kifungu chenyewe hakikuguswa.

Mimi siwaombi Berlin wajenge mageti. Mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye fimbo wanapita bila kubanwa, nalo ni jambo la kuonea wivu. Ila geti lina huruma moja: linakukatalia kabla hujakosa. Mkaguzi anasubiri ukosee kwanza. Ukichagua kuacha mlango wazi, basi aliyeingia bila kulipa mdai kama unavyomdai mwenye deni la maji. Jela ya nini?

Na wasiniambie kwamba ya zamani hayabadiliki. Panda treni ya U6 kuelekea kaskazini, ushuke stesheni ya Rehberge au inayofuata, Afrikanische Straße. Utakuwa umefika mtaa wa majina ya kwetu: kuna barabara ya Sansibar, ya Tanga, ya Usambara. Hapo palikuwa na barabara iliyopewa jina mwaka 1939 kumuenzi Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wa mikataba ya hila huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 wakasema Peters anayeenziwa sasa ni mwingine, Hans, na vibao vikabaki vilevile. Ujanja huo ulidumu hadi Agosti 2024. Leo kipande kimoja cha barabara kina jina la Anna Mungunda wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Jina la 1939 limeng'oka. Kifungu cha 1935 bado kinafunga watu.

Mtakaokwenda kupiga picha kwenye kibao cha Maji-Maji-Allee, kumbukeni kuwa tiketi ya safari moja hudumu saa 2 na hairuhusu kurudi ulikotoka. Ya kurudia kateni nyingine, na msisahau muhuri.